"Maji baridi" au "maji yenye baridi"? Somo la kutafsiri maelekezo ya uvuvi

Katika masomo ya tafsiri za kiufundi, wanafunzi wengi hupenda kupewa maandishi ya sheria au ya afya, kwa kuwa wanayaona mazito. Maandishi ya uvuvi huonekana mepesi. Makala haya yamechagua kwa makusudi maandishi ya aina hiyo "nyepesi": maelekezo ambayo wavuvi wa Marekani hupeana kuhusu namna ya kumvua kwa ndoana samaki anayeitwa kwa Kiingereza "bass", katika maji yenye baridi na maangavu, mwishoni mwa majira ya baridi. Sentensi zake ni fupi na istilahi zake si nyingi. Hata hivyo, kichwa chake peke yake kinatosha kumpoteza mfasiri.

Tuseme mwanafunzi ameandika: "Kumvua besi wa maji baridi." Sarufi haina kasoro. Lakini katika Kiswahili cha idara za uvuvi, "samaki wa maji baridi" ni samaki wa maziwa na mito, akitofautishwa na samaki wa baharini, yaani wa maji chumvi. Kwa maana hiyo, ndagala wa Ziwa Tanganyika, anayeishi katika maji ya nyuzi 25 na zaidi za Selsiasi, ni samaki wa maji baridi. Msomaji aliyezoea istilahi hiyo ataelewa kwamba makala yanahusu besi wa ziwani. Habari ya baridi, ambayo ndiyo kiini cha maelekezo yote, imekwisha kupotea kabla ya sentensi ya kwanza.

Hoja yetu ni hii: maelekezo ya kazi ya mikono hayatafsiriki vizuri mpaka mfasiri ajue mkono unafanya nini na kwa sababu gani. Akishajua, mara nyingi atakuta Kiswahili kinalo neno analolihitaji, na atalikuta katika vitenzi kabla ya kulikuta katika majina.

1. Tulijue kwanza jambo lenyewe

Tuchukue mahali halisi. Table Rock Lake ni ziwa la kutengenezwa na watu, katika jimbo la Missouri, mpakani na Arkansas. Lilitokea baada ya kujengwa ukuta wa bwawa katika mto White River, kazi iliyokamilika mwaka 1958. Eneo hilo ni la vilima vya mawe ya chokaa vinavyoitwa Ozark. Matope ni kidogo, kwa hiyo maji yake huwa maangavu. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi baridi haijaisha huko, na joto la maji mara nyingi huwa kati ya nyuzi 4 na 10 za Selsiasi.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la mwili wake hufuata la maji. Maji yakipoa, mwili wake hufanya kazi polepole, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na mbio humgharimu kuliko faida anayopata. Besi wa majira hayo hula, ila hafukuzi. Anasubiri chakula ambacho hakitamsumbua.

Chakula hicho kipo. Katika maziwa mengi ya kusini mwa Marekani wanaishi samaki wadogo wa fedha wa jenasi Dorosoma, ambao katika ukoo ni jamaa za ndagala wetu. Aina yao mojawapo haivumilii baridi: maji yakishuka chini ya nyuzi 7 hivi hudhoofika, na yakikaribia nyuzi 5 wengi hufa. Samaki mdogo anayekufa kwa baridi hajifi kwa mara moja. Hutikisika ghafla mara mbili au tatu, kisha husimama katikati ya maji bila kusogea, akiwa ameinama kidogo, halafu hutikisika tena. Besi aliye chini yake anamtazama. Ule wakati wa kusimama ndio wakati wa kumla.

Mvuvi wa huko huiga kifo hicho. Hutumia chambo bandia chembamba cha plastiki au cha mti, chenye umbo la samaki na urefu wa kidole au zaidi, kilichopimwa uzito wake kwa uangalifu ili kisielee juu wala kisizame. Hukirusha mbali, hukivuta chini kidogo, kisha huupiga mshipi kwa mkupuo mmoja au miwili na kuacha. Katika maji ya nyuzi 15 angeacha kwa sekunde mbili. Katika maji ya nyuzi 6 huacha kwa sekunde kumi, pengine ishirini au zaidi.

Na kwa nini maji yawe maangavu? Kwa sababu njia hii inategemea jicho la samaki. Katika maji ya matope besi hawezi kukiona chambo kilichosimama mita tatu juu yake. Katika maji maangavu humwona na hupanda kukitazama. Uangavu huo huo, lakini, humwonyesha pia mshipi mnene, rangi isiyo ya kawaida na kivuli cha mtumbwi. Ndiyo maana mvuvi hutumia mshipi mwembamba, chambo chenye rangi zinazopenya mwanga, na hurusha mbali na chombo chake.

Mfasiri anayeyajua haya manne, yaani mwili uliopoa, samaki mdogo anayekufa, kusimama na jicho, anaweza sasa kufungua kamusi.

2. Jina la samaki

Hapa mwanafunzi wa Kongo ana mtego wake mwenyewe, kwa sababu mara nyingi anafika kwenye Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Kamusi ya Kiingereza na Kifaransa inaweza kumpa "bar", ambaye ni samaki wa baharini huko Ulaya. Au inaweza kumpa "perche", na hapo akili yake itakimbilia "perche du Nil", ambaye kwa Kiswahili ni sangara. Hatua mbili tu, na samaki wa Missouri amegeuka kuwa sangara wa Ziwa Viktoria. Na msomaji wa Kalemie au Uvira atamfikiria sangala wake wa Tanganyika. Hao ni samaki wa jenasi Lates, wa maji ya joto. Besi wa Marekani ni wa jenasi Micropterus, wa ukoo mwingine kabisa.

Je, tutumie jina la Kilatini? Linasaidia kumtambulisha samaki, lakini tusidhani kwamba jina la kisayansi huwa linasema kweli kwa sababu tu ni la kisayansi. Micropterus maana yake kwa Kigiriki ni "pezi dogo". Mfaransa Lacépède ndiye aliyelitoa mwaka 1802, akimtazama samaki ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limeharibika, hata kipande cha nyuma kikaonekana kama pezi dogo la peke yake. Samaki wengine wa jenasi hiyo hawana pezi la namna hiyo. Jina lilitokana na jeraha la samaki mmoja, nalo limedumu zaidi ya karne mbili. Wanaisimu hatuna budi kulikumbuka hilo kila tunapoambiwa kwamba istilahi fulani haifai kwa kuwa "haielezi kitu chenyewe". Jina halilazimiki kueleza, linalazimika kutambulisha.

Kwa hiyo tunapendekeza "besi". Mtu atapinga kwamba neno hilo lina kazi tayari: katika kwaya zetu besi ni sauti nzito ya kiume, na katika bendi ni gitaa la nyuzi nene. Ni kweli, lakini Kiswahili kina chombo cha kutenganisha. Upatanisho wa viumbe hai hufanya kazi yote: "besi imezidi" ni muziki, "besi amezidi" ni samaki, "besi hii", "besi huyu", "besi za kwaya", "besi wa ziwani". Hakuna haja ya maelezo pembeni. Mwanafunzi aandike kwa uaminifu viambishi vya ngeli ya a-/wa-, na mara ya kwanza aseme "samaki aitwaye besi". Zaidi ya hapo sarufi itamlinda.

Tena samaki huyu si mgeni kabisa kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 besi wa Marekani walipandikizwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Lakini ziwa hilo liko karibu na ikweta, na halina majira ya baridi kama ya Missouri. Afrika Mashariki ilimpokea samaki, haikuyapokea majira yake. Tatizo la sehemu inayofuata haliwezi kutatuliwa huko.

3. Baridi, majira na upande wa jua

Tumekwisha kuona kwamba "maji baridi" ni istilahi yenye maana yake. Suluhisho la kwanza ni la kisarufi. "Baridi" kwa asili ni jina, na majina huunganishwa na majina kwa "-enye" au kwa kiunganishi "-a". Tukisema "maji yenye baridi" au "maji ya baridi kali", tunatoka katika istilahi na kurudi katika maelezo. Tofauti ni ndogo kwa sikio na kubwa kwa maana.

Suluhisho la pili ni namba. Neno "baridi" halina kipimo. Kila mtu hulipima kwa mwili wake. Mtu wa Uvira husema maji ya ziwa yana baridi alfajiri, wakati maji ya Tanganyika, hata kwenye vina vyake vya mwisho, hayashuki chini ya nyuzi 23 hivi. Kwa besi wa Missouri maji hayo ni ya kiangazi. Hakuna msomaji wa pwani za maziwa yetu makubwa ambaye amewahi kutia mkono katika maji ya ziwa ya nyuzi 6. Neno peke yake haliwezi kumfikisha huko, namba inaweza.

Lakini namba nayo ihamishwe kwa uangalifu. Wamarekani hupima kwa Farenhaiti. Maelekezo yao yanaposema "nyuzi 45", wanamaanisha nyuzi 7 za Selsiasi. Mfasiri akiiacha 45 ilivyo, msomaji wa Kongo atasoma habari ya maji ya moto ambayo hakuna besi angeishi ndani yake. Vivyo hivyo futi nane ni karibu mita mbili na nusu, na mshipi wa ratili nane ni wa kilo tatu na nusu hivi. Kuacha kipimo bila kukibadili si uaminifu kwa matini. Ni kuacha kazi njiani.

Sasa tuje kwenye "mwisho wa majira ya baridi". Mkazi wa Lubumbashi anayajua majira ya baridi: ni miezi ya Mei, Juni na Julai, katikati ya kiangazi, wakati usiku unamlazimu mtu kuvaa koti. Kwake mwisho wa baridi ni Agosti, na baada yake linafuata joto la Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Akisoma "mwisho wa majira ya baridi" pasipo jina la mahali, ataelewa Agosti. Na akisoma "Februari" pasipo maelezo, ataona mvua kubwa na mito ya rangi ya udongo, kinyume kabisa cha maji maangavu. Neno "kipupwe" linalotumiwa na baadhi ya wafasiri halituokoi, kwa sababu nalo lina makao yake: ni majira ya ubaridi ya Juni hadi Agosti huko pwani. Lililo salama ni kuandika vyote vitatu: majira, mwezi na mahali. "Mwishoni mwa majira ya baridi, yaani Februari na Machi huko Missouri."

Kuna neno jingine linalopita bila kutiliwa shaka: "kaskazini". Wavuvi wa Ozark hushauriana kuitafuta kingo ya kaskazini wakati wa alasiri. Sababu ni kwamba katika nusu ya kaskazini ya dunia, jua la majira ya baridi hupita upande wa kusini wa anga. Kwa hiyo kingo ya kaskazini, ambayo uso wake unaelekea kusini, ndiyo inayopigwa na jua, na pia inakingwa na upepo wa kaskazini. Mawe yake hupata joto, na maji yaliyo karibu nayo huongezeka nyuzi moja au mbili. Kwa besi aliyepoa hilo ni jambo kubwa. Lakini Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua la huko hupita kaskazini. Msomaji akilihamisha shauri hili kwenye bwawa la kwao, atakaa kivulini siku nzima. Mfasiri mzuri ataandika "kingo ya kaskazini, ile inayopigwa na jua". Maneno manne ya nyongeza yamehifadhi sababu, na sababu ndiyo inayosafiri kutoka nchi hadi nchi.

4. "Maangavu" si "safi"

Kamusi nyingi zitatoa "safi" kwa maji ambayo jicho hupenya. Lakini usafi ni habari ya uchafu na afya. Uangavu ni habari ya mwanga. Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu na yakawa na vijidudu vya kuhara. Maji ya mto yaliyochanganyika na udongo yanaweza kuwa mabaya kwa jicho na yasimdhuru samaki. Katika maelekezo ya uvuvi tunahitaji mwanga, basi tuseme "maji maangavu", na pale tunapotaka kueleza kiasi tuseme "maji ambayo jiwe la mita nne chini linaonekana". Wavuvi wa Tanganyika wanaijua siri hii kuliko sisi wa vitabuni: huwasha taa usiku usio na mbalamwezi ili ndagala waufuate mwanga, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu tena. Wao pia huvua kwa kutegemea jicho la samaki. Msomaji wa kwetu akielezwa kwamba besi wa Missouri huvuliwa kwa jicho, ataelewa bila shida.

5. Kukutua, kusimama, kituo

Sasa tumefika kwenye kitovu cha matini. Chambo chenyewe kwa Kiingereza hupewa jina linalotokana na kitendo cha kukupua, kisha husifiwa kwamba "kinaning'inia" majini. Mwanafunzi atakimbilia kutafuta jina la chambo. Tunamshauri aache jina kwanza, atafute kitenzi.

Kitenzi cha kwanza ni "-kutua": kuvuta kitu kama kamba kwa ghafla na kwa nguvu. Jamaa yake ni "-kutuka", kupata mshtuko. Ndicho kitendo chenyewe cha mvuvi. Lakini tazama kinavyofanana na "-tua", yaani kushuka na kupumzika, kuweka mzigo chini. Katika maandishi, "kutua" ni amri ya kitenzi cha kwanza na pia ni jina-kitenzi cha cha pili. "Anakutua" huweza kuwa "a-na-kutua", anavuta ghafla, au "a-na-ku-tua", anakushushia mzigo. Ni mfano mzuri wa utata wa kimofolojia kwa darasa, na ni hatari katika maelekezo, kwa sababu hapa vitendo vyote viwili vimo: mvuvi hukutua, chambo hutua. Kwa kuwa wasomaji wengi wa Kongo hawakisikii kitenzi "-kutua" kila siku, tunashauri kuandika mara ya kwanza "kutua mshipi, yaani uvute ghafla kidogo", na kila mara kukifuatanisha na yambwa yake, mshipi. Yambwa ikiwapo, utata unaisha.

Kitenzi cha pili ni cha chambo. "Kuelea" hakifai: msomaji ataona kitu juu ya maji. "Kuzama" ni kinyume cha tunachotaka. "Kuning'inia" kinadai kitu cha kuning'inizia. Lakini Kiswahili kina kundi la vitenzi vyenye kiambishi "-am-" ambacho wanaisimu huita cha hali au cha mkao: inama, kwama, gandama, tuama, simama. Vyote vinataja mwili uliokaa katika mkao fulani bila kwenda. "Tuama" hutumika kwa maji yaliyotulia, kwa hiyo tuyaachie maji. "Simama" ndicho chetu: "chambo kinasimama katikati ya maji". Na jina la chambo sasa linakuja lenyewe: "chambo cha kukutua", na aina yake "kinachosimama majini". Hatukulazimika kukopa neno lolote.

Kitenzi cha tatu, "-tua", kinatupa familia nzima: tulia, tuliza, utulivu, na "kituo". Kituo ni mahali pa kupumzikia safarini. Ni alama ya kupumzikia katika uandishi. Katika uvuvi huu, kituo ni muda ambao mvuvi hafanyi lolote na samaki anaamua. Matini ya Kiingereza hulitaja jambo hilo kwa neno la kawaida tu, lakini mfasiri anayejua kwa nini samaki mdogo husimama kabla ya kufa ataona kwamba maelekezo yote yanazunguka hapo. Kanuni yake kuu inakaa vizuri katika muundo wetu wa "kadiri… ndivyo": "Kadiri maji yanavyozidi kupoa, ndivyo kituo kinavyozidi kurefuka."

Neno la mwisho katika sehemu hii ni kuhusu kuuma. Kwa kawaida husema samaki "anavuta". Besi aliyepoa havuti. Hukipokea chambo kinywani wakati kimesimama, na mvuvi huhisi uzito tu, kama wa jani lililonasa, au huona mshipi ukilegea au ukienda kando. Mfasiri akiandika "samaki akivuta", msomaji atasubiri mvuto usiokuja.

6. Tafsiri inayopendekezwa

Tunaweka hapa maelekezo yaliyoandikwa upya kwa kufuata uchambuzi huu. Amri zimewekwa katika nafsi ya pili umoja, kama fundi anavyomwelekeza mwanafunzi wake. Mazoea ya samaki yamewekwa katika "hu-".

Kumvua besi katika maji maangavu yenye baridi kali

Maelekezo haya ni ya maziwa ya Missouri na Arkansas mwishoni mwa majira ya baridi, yaani Februari na Machi. Pima joto la maji kwanza. Yakiwa kati ya nyuzi 4 na 10 za Selsiasi, endelea.

Tafuta mahali ambapo mkondo wa mto wa zamani unapita karibu na kingo yenye mwinuko mkali wa mawe, au palipo na miti iliyozama. Besi hukaa hapo, kina kikiwa karibu naye, akisubiri siku za joto zimpeleke kwenye maji mafupi ya kutagia. Baada ya siku mbili tatu za jua, jaribu alasiri kingo ya kaskazini, ile inayopigwa na jua.

Tumia mshipi mwembamba usioonekana kwa urahisi na chambo cha kukutua, kinachosimama majini, chenye rangi ya samaki wadogo wa hapo. Kabla ya kuvua, kijaribu kando ya mtumbwi: kikipanda haraka, kiongeze uzito kidogo, kikizama, kipunguzie. Fanya hivyo katika maji ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yakipoa huwa mazito zaidi, na chambo kilichosimama vizuri nyumbani kinaweza kuelea ziwani.

Rusha mbali. Kunja mshipi mpaka chambo kishuke mita moja na nusu au mbili. Kisha kutua mshipi, yaani uvute ghafla kidogo, mara moja au mbili, na mara hiyo hiyo uulegeze ili chambo kisimame. Ngoja. Hesabu hadi kumi. Kadiri maji yanavyozidi kupoa, ndivyo kituo kinavyozidi kurefuka. Katika nyuzi 5 hesabu hadi ishirini na zaidi. Usikisogeze chambo kwa sababu umechoka kungoja.

Tazama mshipi kuliko unavyosikiliza mkono. Besi wa baridi havuti. Mshipi ukilegea, ukienda kando, au ukihisi uzito tu, nyanyua fimbo polepole na kwa nguvu moja. Akishashikwa usimkimbize, mlete taratibu.

7. Mazoezi

Kwanza: yataje maneno matano ya tafsiri hii ambayo maana yake ingebadilika kama ingesomwa Lubumbashi pasipo jina la mahali. Eleza badiliko la kila moja.

Pili: katika Kiswahili cha Katanga husikika "kuloba" kwa kuvua samaki. Je, neno hilo lingefaa kuliko "kuvua" katika kichwa cha habari kilichokusudiwa wasomaji wa huko? Jibu kwa kuzingatia kwamba "kuvua" hujumlisha nyavu na ndoana, na pia huwa na maana ya kutoa nguo mwilini.

Tatu: andika upya aya ya nne ya tafsiri kwa kutumia dhamiri tegemezi, yaani "urushe, ukunje, ungoje", mahali pa amri. Linganisha uhusiano wa mwandishi na msomaji katika matini mbili hizo.

Nne: tafuta karatasi yoyote ya maelekezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya mbegu, ya dawa au ya mtambo, na ukague mambo matatu: vipimo, majira na sababu. Andika sentensi moja ambayo sarufi yake ni sahihi na ujumbe wake umepotea.

Zoezi la nne ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Anayekosea kumvua besi hurudi nyumbani mikono mitupu, na hasara yake inaishia hapo. Lakini wahitimu wa kitivo hiki hawataajiriwa kutafsiri habari za besi. Watapewa karatasi ya mbegu inayosema "panda mwishoni mwa majira ya baridi", karatasi ya chanjo inayosema "hifadhi katika nyuzi 40", karatasi ya kisima inayosema maji yakiwa "clear" yanyweke. Kila moja inaweza kupita mikononi mwa msahihishaji asione kosa lolote, kwa kuwa sarufi iko sawa. Atakayelipata kosa hilo ni mkulima, muuguzi au mama aliyechota maji, na hatakuwa na matini ya asili ya kulinganishia. Kwa sababu hiyo mfasiri aweke kituo chake mapema: kabla ya kuandika neno, angoje mpaka ajue kazi yenyewe inavyofanyika.